Programu Mpya, Mwalimu Yule Yule: Mwongozo kwa Shule za Kakontwe

Kila kipindi cha masomo kinapoisha, mwalimu wa shule ya msingi hukaa na rejista ya alama, kalkuleta na rundo la buletini. Tuseme darasa lake lina watoto 60 na masomo kumi. Hapo ana alama 600 za kujumlisha, asilimia 60 za kutafuta na nafasi 60 za kupanga, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Akiteleza kwenye jumla ya mtoto mmoja, nafasi za wengine zinavurugika, na kesho yake mzazi yuko mlangoni. Kazi hiyo huirudia mara sita kwa mwaka, kwa kuwa buletini ya msingi ina vipindi sita, ukiacha mitihani ya mihula mitatu. Na tangu masomo ya msingi katika shule za umma yafanywe bure, Septemba 2019, madarasa yamejaa kuliko zamani.

Mwalimu huyo ndiye tunayemwendea na kumwambia: kuna programu mpya, kuna masomo kwenye intaneti, kuna tableti zinakuja. Akikunja uso asilaumiwe. Fishi za matayarisho bado anaandika kwa mkono, jonali ya darasa inamngoja, inspekta anaweza kufika wakati wowote. Programu ambayo haimpunguzii hata saa moja ya kazi hizo ataipokea kwa adabu, atapiga picha siku ya uzinduzi, kisha ataiacha.

Makala haya yanawahusu wale wanaotaka kumsaidia: direkta wa shule ya msingi, prefe wa sekondari, mwalimu kijana anayejua kompyuta, mzazi aliye kwenye kamati ya wazazi, COPA. Nimeyaandika nikiwa na Kakontwe akilini, mtaa wa Likasi wa machimbo ya mawe ya chokaa, ulio katika mji wa kiasi cha kilomita 120 kutoka Lubumbashi kwa barabara ya taifa namba 1. Yanayofaa Kakontwe yatafaa pia Kikula, Panda na Shituru, na kila penye umeme wa kukatika na mega za intaneti za kuhesabu.

Mashine peke yake haifundishi

Peru waligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule za vijijini, chini ya mpango wa One Laptop per Child. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Mataifa ya Amerika ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule 319. Kompyuta zilikuwa zimefika kweli, tena zaidi ya moja kwa kila mtoto. Lakini katika hesabu na lugha, watoto waliopata kompyuta hawakuwazidi waliokosa. Mpango haukuwa na maelekezo ya wazi kwa walimu ya namna ya kuziingiza mashine hizo katika somo la siku.

Mfano ulio karibu nasi zaidi unatoka Kisumu, Kenya. Chini ya mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR, watafiti walilinganisha njia tatu: kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali, kuwapa walimu tableti, au kuwapa tableti washauri wa elimu wanaozunguka shuleni kuwatembelea walimu. Ripoti yao ilitoka mwaka 2016. Njia zote tatu ziliwasaidia watoto kusoma vizuri zaidi, bila tofauti kubwa kati yao. Tofauti ilikuwa kwenye gharama: tableti chache mikononi mwa washauri zilifanya kazi sawa na tableti nyingi mikononi mwa walimu au wanafunzi, kwa pesa kidogo sana. Mshauri alifika darasani, akatazama somo, akakaa na mwalimu, wakazungumza.

Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu. Pesa ya kwanza na muda wa kwanza viende kwa mtu atakayekaa na mwalimu. Vifaa vifuate.

Katanga yenyewe ina uzoefu wa jambo hili. Katika miaka ya 2010 mpango wa IFADEM, wa Shirika la Kimataifa la Francophonie na Muungano wa Vyuo Vikuu vya Francophonie, ulifanya kazi na walimu wa msingi wa mkoa wa Katanga wa wakati huo. Mafunzo yake yaligawanywa kwa miezi: walimu wanakutana, wanarudi shuleni na vijitabu, mlezi anawafuatilia, wanakutana tena. Semina ya siku mbili yenye cheti na chakula cha mchana haiwezi kushindana na mpangilio huo.

Anza na buletini

Ushauri wangu kwa shule yoyote yenye hata kompyuta moja ya kizamani ni huu: usianze na masomo ya intaneti. Anza na mzigo wa mwalimu. Weka LibreOffice, ambayo ni ya bure na haidai intaneti ikishawekwa, ufungue Calc, ambayo ni karatasi ya mahesabu.

Mstari wa kwanza uwe wa vichwa: namba, jina, kisha majina ya masomo kumi, toka safu ya C hadi L. Mstari wa pili uwe wa maxima, yaani alama za juu kabisa za kila somo. Watoto 60 waanzie mstari wa 3 na kuishia wa 62. Katika safu ya M andika =SOMME(C2:L2) kwenye mstari wa maxima, kisha uivute hadi chini: jumla zote zimepatikana. Katika N3 andika =M3/M$2*100, na hiyo ndiyo asilimia. Katika O3 andika =RANG(M3;M$3:M$62), na hiyo ndiyo nafasi. Vuta zote mbili hadi mstari wa 62. Alama ile ya dola inazuia mstari wa maxima na orodha ya darasa visisogee unapovuta fomula kwenda chini. Ukiisahau, nafasi zitatoka za ajabu. Majina haya ya fomula ni ya LibreOffice ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwetu.

Mwalimu bado ataingiza alama kwa mkono, na bado atanakili matokeo kwenye buletini kwa kalamu. Ila kujumlisha na kupanga kumekwisha, na akirekebisha alama moja, jumla, asilimia na nafasi zinajirekebisha zenyewe. Kipindi kinachofuata anatumia faili lile lile. Acha aone mwenyewe saa ngapi zimepungua. Mwalimu aliyelala mapema usiku wa buletini hahitaji tena kuhubiriwa kuhusu kompyuta.

Jambo moja la lazima: nakala. Faili liwe kwenye kompyuta, kwenye flashi ya shule, na kwenye flashi nyingine inayolala nyumbani kwa direkta. Rejista ya karatasi isiachwe katika mwaka wa kwanza. Kompyuta ikifa bila nakala, programu hiyo haitasamehewa tena shuleni hapo.

Anayekaa kando ya mwalimu

Chagua mwalimu mmoja wa shule hiyo hiyo awe msaidizi. Simaanishi fundi wa kompyuta kutoka mjini anayekuja mara moja kwa mwezi, wala yule anayejua majina ya programu nyingi. Mtafute mvumilivu, anayefundisha darasa kama wenzake, asiyecheka mtu. Katika kambi za wakimbizi, shule za mpango wa Instant Network Schools, ulioanzishwa mwaka 2013 na Vodafone Foundation pamoja na UNHCR na unaofanya kazi Kenya, Tanzania, Kongo na kwingineko, kila moja imewekewa mtu wa kuwasaidia walimu, juu ya umeme wa jua na tableti. Kazi hiyo imepewa jina na muda. Nasi tuipe vyote viwili: mpunguzieni vipindi viwili kwa juma, na wenzake wajue ni siku gani wanaweza kumfuata.

Mahali pa kukutana pako tayari. Shule nyingi zinajua jukwaa la mabadilishano, ule mkutano ambamo walimu wa shule moja hujadili somo walilofundisha, na mitandao ya shule jirani inayoitwa REP. Programu mpya iingizwe humo, dakika 40 kwa mara moja, kitu kimoja kwa mara moja. Leo kufungua faili na kulihifadhi. Juma lijalo kuingiza alama. Shule yenye zamu mbili itafute muda kati ya wanaotoka asubuhi na wanaoingia mchana, au Jumamosi baada ya masomo, kwa sababu mkutano wa jioni utawakosa akina mama wenye nyumba za kuangalia.

Sasa suala la umri, ambalo watu hulizunguka. Mara nyingi anayejua kompyuta ni kijana wa miaka 26, na anayesaidiwa ni mzee aliyewafundisha wazazi wa wanafunzi wa leo. Mzee huyo haogopi kompyuta. Anaogopa kuonekana hajui, hasa mbele ya watoto. Kwa hiyo somo la kwanza lisifanyike darasani wala mbele ya walimu wote. Lifanyike wakiwa wawili. Kijana akae kando, mzee ndiye akae mbele ya kioo na kushika maosi. Kijana asimpokonye maosi hata mara moja, hata kama mzee anatafuta herufi ya R kwa dakika nzima. Aseme, "Papa, bonyeza pale juu, upande wa kushoto," kisha anyamaze. Mkono wa mwanafunzi ukichukuliwa, kinachobaki kichwani ni kwamba kazi hii ni ya wengine.

Na kijana aombe kitu kwa mzee. "Mama, wewe unafundishaje somo hili la sehemu za namba, maana watoto wangu hawaelewi?" Mwalimu wa miaka 30 kazini anajua mahali watoto wanapokwama. Programu haijui. Wakikaa wote wawili na kuchagua zoezi moja la kompyuta kwa ajili ya mahali pale pale pa kukwama, kila mmoja amechangia, na heshima imebaki mahali pake.

Mwache pia mwalimu aandike hatua kwa mkono wake katika kaye yake: washa, fungua, bonyeza hapa, hifadhi, zima. Karatasi iliyochapwa na mtu mwingine hupotea.

Masomo yasiyohitaji intaneti

Neno "masomo ya intaneti" linawatisha walimu kwa sababu mara moja wanafikiria mega. Lakini rasilimali nzuri nyingi zinaweza kupakuliwa mara moja, kwa mfano mjini Likasi au Lubumbashi kwenye mtandao mzuri, zikaletwa Kakontwe kwenye flashi au diski.

Ya kwanza ni Kiwix. Ni programu ya bure inayofungua Wikipedia nzima bila intaneti, kwenye kompyuta au simu. Wikipedia ya Kifaransa pamoja na picha zake ni makumi ya gigabaiti, kwa hiyo itafutie kadi ya kumbukumbu ya kutosha, au chukua toleo lisilo na picha, ambalo ni dogo zaidi. Kwa watoto chukua Vikidia, ensaiklopidia ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa wenye umri wa kati ya miaka 8 na 13. Kiwix ya Android ina kipengele ambacho wengi hawakijui: simu moja inaweza kuwasha hotspot na kuwagawia wengine vitabu ilivyobeba, nao wakasoma kwa kivinjari cha kawaida. Hakuna mega inayotumika, mradi data ya simu hiyo iwe imezimwa kabla ya kuwasha hotspot. Hilo la kuzima data lirudie mara tatu unapomfundisha mwalimu, kwa sababu akisahau, simu za wenzake zitamaliza mega zake kwa dakika chache, na hatajaribu tena.

Ya pili ni Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Inawekwa kwenye kompyuta moja, hata ya kawaida, au kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani. Kompyuta hiyo inakuwa maktaba ya shule: simu na tableti zilizounganishwa na ruta yake zinasoma masomo yote yaliyomo, intaneti ikiwepo au isiwepo. Ndani yake unaweza kuweka masomo ya Khan Academy ya Kifaransa, majaribio ya sayansi ya PhET na hadithi za African Storybook. Kwa mwalimu, faida yake kubwa ni kwamba anaweza kutunga jaribio, watoto wakajibu, akaona swali lipi liliwashinda wengi na nani alikwama wapi. Kolibri ina hata vitufe na menyu za Kiswahili.

Ya tatu ni GeoGebra, iliyoanza Austria mwaka 2001, kwa hesabu na jiometri za sekondari. Mwalimu wa hesabu akiishika vizuri hataiacha.

Hadithi za African Storybook nazitaja peke yake, kwa ajili ya madarasa ya chini. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia, na kwetu lugha hiyo ni Kiswahili. Hadithi hizo ni za bure na ruhusa ya kuzichapa imetolewa wazi, kwa hiyo shule isiyo na tableti hata moja inaweza kuzichapa na kuzibana. Nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili cha Kenya na Tanzania. Mwalimu azisome kwanza, aweke alama kwenye maneno ambayo mtoto wa Likasi hayatumii nyumbani, ayaeleze kabla ya kusoma.

Tusiisahau redio. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Radio Okapi ilirusha masomo ya Okapi École, na redio iliingia katika nyumba ambazo tableti haikuzijua. Rekodi nzuri ya sauti, ikichezwa kwa spika ndogo mbele ya darasa la watoto 60, inawafikia wote kwa pamoja. Tableti moja haiwezi.

Kompyuta moja, watoto sitini

Mwalimu atauliza, na ana haki: nitafanyaje na kifaa kimoja? Tuchukue somo la umeme la darasa la 7, katika programu mpya za masomo ya sayansi zinazounganisha fizikia, teknolojia na kompyuta. PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado ina jaribio la kujenga sakiti ya umeme kwa betri, nyaya na balbu.

Mwalimu anachora ubaoni betri moja na balbu moja, halafu anauliza: tukiongeza balbu ya pili kwenye mstari huo huo, mwanga wa kila balbu utaongezeka, utapungua au utabaki vile vile? Kila mtoto anaandika jibu lake kwenye kaye, pamoja na sababu. Hilo linafanywa na wote sitini bila kifaa chochote. Kisha makundi ya watoto sita yanakuja mbele kwa zamu, dakika tano kila moja, yanajenga sakiti kwenye kompyuta na kuona balbu zikififia. Wanaosubiri wana kazi: betri mbili za tochi, nyaya na balbu halisi, wajaribu kitu kile kile kwa mikono yao. Mwishoni kila mtoto anarudi kwenye jibu lake la mwanzo na kuandika alichokosea.

Kompyuta imetumika kama dakika 50, imegusa kila mtoto dakika tano tu, na somo limekamilika. Somo la namna hiyo linahitaji maandalizi, na ndiyo maana msaidizi awe amekaa na mwalimu siku iliyotangulia, wafanye jaribio lote wao wawili, wajue mahali pa kubonyeza. Mwalimu anayefungua programu kwa mara ya kwanza mbele ya watoto 60 ameachwa peke yake na shule yake.

Umeme na mega

Mto Lufira unatuzalishia umeme huko Mwadingusha na Koni, si mbali na Likasi, na kituo cha Mwadingusha kilikarabatiwa kikafikishwa megawati 78 mwaka 2021. Hata hivyo migodi ni mteja mkubwa, na mitaa hukatiwa. Panga kana kwamba umeme hautakuwepo. Raspberry Pi inakula kama wati 5, na ruta ndogo karibu hivyo hivyo. Pawabenki ya mAh 20,000 inabeba wati-saa 74 kwa maandishi. Baada ya upotevu, itaviendesha vyote viwili kwa masaa matano hivi, yaani asubuhi nzima ya masomo. Kompyuta ya kawaida ya mezani haiwezi kubebwa hivyo. Laptop yenye betri nzima inaweza. Ukipewa nafasi ya kuchagua msaada, chagua laptop.

Chaji ifanywe usiku, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye mwenye jukumu. Vifaa vyote vilale ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, na kaye ya kuandika nani kachukua nini na saa ngapi. Funika vizuri, vumbi la barabarani na la machimbo huziba feni.

Kuhusu mega, mpeleke mwalimu kwenye Paramètres za WhatsApp, kisha Stockage et données, umwonyeshe kuzima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Mtu akishafanya hivyo huona mega zake zinadumu. Kuna pia majukwaa ya masomo ya kampuni za simu, kama VodaEduc ya Fondation Vodacom Congo yenye masomo yanayofuata programu ya taifa. Kabla ya kulipendekezea darasa zima jukwaa lolote linaloitwa la bure, angalia salio la mega, tumia dakika kumi, angalia tena. Ndipo utakapojua.

WhatsApp, siri za watoto, na akili unde

Kundi la WhatsApp la walimu wa shule ni chombo kizuri kuliko majukwaa mengi ya gharama, kwa sababu kila mtu anakijua. Mwalimu anapiga picha ya kioo kilichomkwaza, msaidizi anajibu kwa sauti ya dakika moja. Lakini kundi hilo liwe la kazi hiyo tu. Likianza kubeba matangazo ya harusi, misiba na mafundisho ya kanisa, swali la mwalimu litapotea katikati, naye ataona hakujibiwa.

Alama za watoto, majina yao na picha zao zisitumwe humo. Tangu 13 Machi 2023 Kongo ina Code du numérique, inayolinda habari binafsi za watu, na mtoto analindwa pia. Faili la buletini liwekewe nenosiri. Nenosiri lisibandikwe kwenye ukuta wa ofisi.

Walimu wengine wameanza kuiomba akili unde (IA) iwaandikie fishi. Inaandika haraka, kwa Kifaransa kizuri, na wakati mwingine inasema uongo kwa ujasiri ule ule. Itumike kutafuta mifano na mazoezi, kisha mwalimu asome kila mstari na kulinganisha na programu ya taifa. Jina lililo juu ya fishi ni la mwalimu.

Msaada ukija

Itatokea siku mfadhili, kampuni ya mgodi au ndugu aliye Ulaya ataahidi kompyuta. Pokeeni kwa shukrani, lakini ulizeni kwanza. Nani atalipa chaja zikiungua? Programu zilizomo ni za Kifaransa? Zinafanya kazi bila intaneti? Kuna leseni ya kulipia mwaka wa pili? Nani atawafundisha walimu, kwa muda gani, na atarudi lini? Mfadhili wa kweli hatachukizwa na maswali hayo. Ikiwa bajeti yote imekwenda kwenye vifaa, ombeni vipunguzwe vichache ili kiasi fulani kilipe muda wa msaidizi na usafiri wa walimu wa REP. Na katika shule ya msingi ya umma, mtoto asitozwe faranga hata moja kwa jina la kompyuta. Masomo ni bure, na ada ya pembeni itawafukuza wale wale tuliotaka kuwasaidia.

Utajuaje kama programu imeingia kweli? Usihesabu vifaa wala vyeti. Baada ya muhula mmoja, mwombe kila mwalimu afungue kaye yake ya matayarisho na akuonyeshe masomo aliyoyafundisha kwa kuitumia. Wakipatikana walimu wanne kati ya kumi na wawili, hiyo ni kazi nzuri. Waache hao wanne wawe wasaidizi wa wengine muhula unaofuata. Asipopatikana hata mmoja, usiwagombeze. Kaa nao, uliza ni wapi palipokwama, na mara nyingi utasikia jambo dogo linaloweza kutengenezwa siku hiyo hiyo: funguo za sanduku ziko kwa mtu anayechelewa, nenosiri limebadilishwa, chaja moja imepotea.

Direkta au prefe unayesoma haya, kabla mwaka wa masomo haujafunguliwa Septemba, chukua ratiba ya shule na kalamu. Andika jina la mwalimu mmoja mvumilivu, mpunguzie vipindi viwili kwa juma, na uwatangazie wenzake siku na saa watakayomkuta. Hilo halingoji mfadhili, na ndilo la kwanza kufanya.